Nimefukuzwa Kazi, Mbona Nina Amani?

Mpendwa mshauri, nina jambo nimeshindwa kulibeba peke yangu. Mimi ni fundi wa lifti, mwaka wa kumi na tisa huu, na miezi minne iliyopita bosi aliniambia nisaini kwamba lifti ya jengo moja la ghorofa tisa ni salama, nami kamba zake nilishaziona zimeanza kukatika nyuzi, lakini nina watoto watatu shuleni, nikasaini. Tangu hapo mwili ukanigeuka, chakula hakipiti, moyo unanienda mbio nimekaa tu, mkono unatetemeka kila nikishika kalamu, spana hainisumbui, kalamu tu, daktari akapima asione kitu, mke wangu akadhani nina mwanamke nje. Juzi nilirudi pale kubadilisha taa, nikamkuta bibi wa ghorofa ya nane anaingia na mjukuu mgongoni, akaniambia, “Mwanangu, siku hizi napanda bila wasiwasi, nimeona jina lako kwenye cheti cha usalama pale ukutani.” Nilimtoa, nikazima umeme, nikafunga mlango kwa mnyororo, nikampigia mkaguzi nikamweleza yote. Wapangaji walinitukana, bosi akanifukuza papo hapo, na nilipomwandikia mkaguzi maelezo, mkono ulikuwa umetulia tuli. Huenda nikashtakiwa, lakini nimekula sahani mbili nikalala fofofo. Nashangaa mpaka naogopa. Je, nimechanganyikiwa?

Fundi

Fundi, barua yako nimeisoma mara tatu. Hujachanganyikiwa. Ulijilazimisha kuishi na uongo, mwili ukakataa katakata. Hilo ni jambo kubwa, liheshimu.

Lakini usijipongeze mapema. Miezi minne watu walipanda lifti ile kwa kukuamini wewe! Na bibi sasa anapanda ngazi. Nenda leo ukamwombe radhi, na umbebee mizigo yake mpaka kamba mpya zifungwe. Mkeo ameumia bure juu ya mwanamke asiyekuwepo. Mwambie yote kabla hajayasikia kwa jirani. Tafuta mwanasheria, usiende kwa mkaguzi peke yako. Moyo ukianza tena mbio, rudi kwa daktari, na safari hii usimfiche ulichosaini, bila kukijua angekutibu nini?

Kuhusu kazi, siwezi kukuahidi kitu. Mimi naishi ghorofa ya tano. Fundi wa lifti yetu simjui, na tangu nisome barua yako natamani angekuwa wewe.