Ufa wa Ukumbi wa Bi. Rukia

Jumatatu, 6 Aprili

Chai mkono mmoja, simu mkono wa pili. Vipimo vyote vya nyufa za kuta vimeleta namba zao za asubuhi. Kimya kote, ila kile cha mtaa wa Kiponda, nyumba ya Bi. Rukia, ukumbi wa juu. Kimesogea kidogo. Nimeandika, nikamalizia chai.

Mvua imeanza kweli sasa. Njia zote za Jang'ombe zimejaa maji. Nimefika karakana viatu mkononi.

Jumatano, 8 Aprili

Kiponda tena. Kimesogea zaidi ya juzi.

Kisanduku chenyewe kama cha sabuni. Mguu mmoja upande huu wa ufa, mwengine upande wa pili. Ukuta ukiachana, kinajua. Miaka mitatu tumekitengeneza na kukijaribu kwenye ukuta wa mfano hapo karakana, ukuta asiokaa mtu. Sasa tumekitoa, kimeingia kwenye nyumba za watu za Mji Mkongwe, na mimi nimekuwa mwoga.

Mkuu wangu, Dk. Haroub, kaangalia namba. Unyevu, kasema. Chokaa ikinywa maji haitulii. Inawezekana. Simwoni kama mtu wa kubahatisha. Lakini visanduku vyengine vimenyeshewa mvua hiyo hiyo na havijasogea.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimekwenda mwenyewe baada ya sala. Bi. Rukia kanipokea vizuri, kanipa kahawa na kashata. Mjane, kazaliwa nyumba ile. Wiki ijayo anamuoza binti yake, Nasra. Jumamosi ya tarehe 18 bibi harusi atapambwa mule ukumbini, alipopambwa yeye, na mama yake kabla yake. Wageni akinamama mia na zaidi. Wapigaji taarabu wameshaambiwa. Ukuta umepakwa chokaa mpya, mweupe unaumiza macho. Ufa hauonekani tena. Kisanduku changu nacho wamekipaka.

Sikuweza kumwambia kitu. Nimekunywa kahawa yake, nikashuka ngazi. Nimejichukia mpaka Darajani.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua tangu juzi haijakatika. Namba mbaya. Sasa ufa unasogea kila siku, na kila siku zaidi ya jana yake.

Nimemwambia Dk. Haroub lazima tuwatahadharishe. Kafunga mlango kwanza. Kanikumbusha ile nyumba ya mtaa wa Malindi. Sijasahau. Miezi mitatu nyuma kisanduku kilipiga kelele, tukaitoa familia nzima na watoto na magodoro mvuani, kumbe panya katafuna waya. Mtaa mzima walitucheka. Mwisho wa mwezi wanakuja wageni, wafadhili wetu, kuamua kama visanduku viwekwe nyumba zote mbovu za mji, au kazi hii ifungwe. "Tukikosea mara ya pili, Salha, hakuna atakayetusikiliza tena. Hata siku tutakayokuwa na haki."

Hoja yake nzito. Ndiyo inayonitisha. Tumekubaliana nikaweke kisanduku cha pili pembeni ya cha kwanza. Vikisema kitu kimoja, basi, tunawaambia.

Jumanne, 14 Aprili

Nimekiweka. Bi. Rukia hakupenda. Tundu mbili kwenye chokaa mpya. Hakunipa kahawa.

Jumatano, 15 Aprili

Vyote viwili vinasema kitu kimoja.

Dk. Haroub kasoma, kavua miwani. Kisha kasema nitangulie na mwashi wetu, Fundi Makame, yeye ataandika barua. Barua. Harusi keshokutwa na siku moja. Sikujibu kwa adabu niliyofunzwa.

Alhamisi, 16 Aprili

Nataka niandike yote ya leo kabla sijayachanganya.

Tumefika mimi na Fundi Makame, ambaye kashazitengeneza nyingi nyumba hizi. Nikamwambia Bi. Rukia waziwazi: ukuta unaachana na sakafu ya ukumbi, wageni wasipande juu. Aliniacha nimalize.

"Mwanangu, unajua nyumba hii ina umri gani?"

"Sijui, Bi. Rukia."

"Na mimi sijui. Hata babu yangu alikuwa hajui. Sasa wewe na kibati chako mmeijua kwa mwezi mmoja?"

Nikaomba tuchimbe lipu mahala pamoja tu, chini ya dari, tuone vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani. Akakataa. Ukuta wa harusi. Sauti ikampanda. Akanitajia Malindi na panya wake. Fundi Makame anatazama sakafu.

Mlango wa chumba ukafunguliwa, akatoka Nasra. Hakutakiwa kutoka, bibi harusi hukaa ndani mpaka siku yake. Kajifunga kanga, uso na mikono manjano ya liwa ya kumng'arisha ngozi, hina haijakauka. Alikuwa kasikia kila neno.

"Wachimbe, mama."

"Rudi ndani, Nasra."

"Ntarudi. Wachimbe kwanza. Wakikuta pazima, mimi mwenyewe ntawaomba watu radhi. Lakini mashoga zangu wote watacheza hapa juu, na watoto wao. Mimi siwezi kukaa nimepambwa huku nahesabu roho za watu."

Bi. Rukia akaketi. Fundi Makame akachukua patasi.

Boriti ya kwanza nzima, ngumu kama chuma. Ya pili nzima. Bi. Rukia ananitazama mimi, si ukuta. Ya tatu patasi ikazama yenyewe. Fundi Makame akatia mkono, akautoa umejaa ungaunga mweusi, kama makapi ya kahawa. Ya nne hivyo hivyo. Ya tano haikuwa na kichwa kabisa. Ilikuwa imeegemea lipu.

Nikamuuliza fundi, itaanguka? Akasema hajui. Inaweza kukaa mwaka, inaweza kuondoka wakipiga vigelegele. Asingelala humu yeye.

Bi. Rukia akamwambia Nasra arudi ndani, hina itaharibika. Kisha akatuomba tuondoke. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Ijumaa, 17 Aprili

Harusi imehamishiwa ukumbi wa skuli, upande wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Mabati, viti vya plastiki. Nasra na mama yake wamehamia kwa Bi. Asha, dada yake Bi. Rukia, Jang'ombe hapa hapa, mitaa miwili kutoka kwetu. Fundi Makame na wenzake wameegemeza sakafu kwa nguzo, wamezikita kwenye ghala ya chini iliyo tupu.

Nikaha imefungwa msikitini baada ya Alasiri. Alhamdulillah.

Mama yangu karudi dukani na maneno. Wanasema nyumba imewekwa nguzo ili bei ishuke, ipo hoteli inaitaka. Wanasema mimi nimelipwa. Nimelia. Kisha nimekasirika kwa kulia.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimealikwa, sijui na nani, pengine Nasra. Nimekwenda. Mvua kwenye mabati imewashinda wapiga taarabu. Nasra kapendeza sana. Bi. Rukia kapita mbele yangu mara tatu, hakunitupia jicho.

Simu nimeiweka mapajani chini ya kanga. Watu wanatuza, mimi natazama namba. Hazijasogea tangu zile nguzo. Kitu kinanichoma kukiandika: nilitaka zisogee. Nimekaa harusini kwa watu naomba nyumba yao ivunjike ili nionekane mkweli. Mungu anisamehe.

Jumapili, 19 Aprili

Asubuhi visanduku vyote viwili vya Kiponda kimya. Hakuna namba. Nikadhani panya. Nilicheka peke yangu kwa woga.

Nimekwenda na Fundi Makame. Mlango wa nyumba umekwama, tumeusukuma kwa bega. Ghala imejaa vumbi na vipande vya chokaa. Sakafu ya ukumbi imejitoa ukutani upande mzima, imeshuka, imelalia nguzo. Nguzo mbili zimepasuka. Kutoka chini unaona mwanga wa madirisha ya juu. Visanduku vinaning'inia kwa waya.

Hakukuwa na mtu. Nimejirudishia neno hilo njia nzima. Hakukuwa na mtu.

Bi. Rukia aliletwa baadaye. Akasimama mlangoni, mkono kwenye nakshi, akatazama juu. Nikamwambia pole. Akaitikia, "Ahsante, mwanangu." Basi. Sikuhisi ushindi wowote. Nilihisi nimemuua mtu wake.

Jumatano, 22 Aprili

Dk. Haroub kanishukuru mbele ya wenzangu. Anataka Kiponda iwe ukurasa wa mwanzo wa ripoti kwa wageni. Nimemwambia na Malindi iwemo, panya na yote. Na iwemo kwamba tulichelewa wiki nzima tukibishana huku watu wamelala ndani. Kanitazama. Kasema iandike wewe. Nimeandika.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua zinapungua. Leo jua.

Ukuta wa Kiponda umefungwa vizuri, mafundi wataanza boriti mpya mwezi huu. Vile visanduku viwili nimevirudisha, kimoja kila upande wa ukumbi. Wageni wamekuja, wamekwenda. Visanduku vitawekwa nyumba zaidi. Nitakuwa na namba nyingi za kusoma asubuhi.

Simu ililia nikiwa bado sijanywa chai. Bi. Rukia. Wiki ya pili hii, kila asubuhi. Siku ya kwanza nilidhani anataka kunigombeza.

Nikamwamkia shikamoo. Marahaba. Akauliza hali ya mama. Kisha, kama anayeuliza habari za mgonjwa wake:

"Imelalaje?"

Nikafungua namba, nikatazama zote mbili.

"Imelala vizuri, Bi. Rukia. Haikusogea."

"Alhamdulillah," akasema, akakata.

Nikamimina chai.