Injini Iliyokataa Haraka

Suna, Jumanne

Asubuhi injini ilizima tena. Injini ya ndege niliyoiunda ndani ya kompyuta hukohoa na kufa kila programu yangu inapoiongezea mafuta, na kesho msimamizi wangu wa chuo anataka kuiona.

Nikaenda kusaga unga. Kwa hasira zangu nikamwaga debe zima la mahindi kwa mpigo mmoja; kinu kikaguna, karibu kizime. Baba Atieno, mwenye kinu, akanishika mkono. "Mos mos, nyathina, mwanangu! Polepole. Acha injini ishike mwendo kwanza."

Nimerudi nikaiwekea programu kikomo, mafuta yapande polepole. Injini imepanda hadi juu bila kukohoa.

Kikomo nimekiita mosmos. Msimamizi akiuliza nilikipata kwenye kitabu gani... Natumaini sitaona haya kumtaja msaga unga.