Maji Yako Nimeyagawa

Tiszaborda,
17 Januari 1993

Mpendwa mwanangu Kálmán,

Kwanza afya yako. Kile kifua kimepona? Mkeo Emőke bado anakupikia supu ya kuku, au huko Bungeni mnashibishana maneno? Mimi miguu inaniuma, mengine salama.

Jumamosi tulichinja nguruwe. Soseji zimetoka nzuri, pilipili ya paprika sikubania. Kama kawaida nikampelekea jirani Rozália sahani ya kuonja. Mwanangu, tangu niolewe hapa sijawahi kurudishiwa sahani imejaa. Hii imerudi. Rozália ameitua getini kwangu na watu wanasikia: "Mama Mheshimiwa, huo utumbo wa soseji umeuosha kwa maji gani? Ya kisima chetu, au yale ya chupa anayokuletea mwanao?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mjukuu wake mchanga yuko hospitali. Midomo ilikuwa buluu kama aliyekunywa wino. Maziwa yake ya unga wameyakoroga kwa maji ya kisima, maana wewe ulisema redioni ni salama. Wewe! Uliyeyapima mwenyewe maabara, ukaja mbio hadi jikoni kwangu: "Mama, haya usinywe, na mtoto mchanga asiyaguse kabisa." Nilipokusikia redioni nikafurahi, nikadhani mmeyasafisha. Sasa mbona chupa hukuacha kuleta?

Mimi ni wa darasa la sita, kemia yako siijui. Lakini mtu anayempa mama yake maji mengine na jirani mengine namjua anaitwaje, na neno hilo siliandiki hapa.

Na usinieleze habari za chama. Chama hakijakesha na mjukuu wa Rozália.

Chupa zako zote nimewagawia wenye watoto wachanga. Nimewaambia pia ulichoniambia jikoni, na nimekutaja jina. Kasirika ukitaka.

Jumapili ijayo baada ya misa njoo usimame pale kisimani, useme kwa mdomo wako. Vaa sweta nene, barafu imekaza.

Mbusu mjukuu wangu Boglárka, msalimie Emőke. Shangazi Vilma anakusalimu, ila kwa shingo upande. Mungu akulinde, na ulimi wako aufungue.

Ukija bila maneno hayo, soseji utakula, wewe ni mwanangu. Ila glasi nitakujazia maji ya kisima, nami nitakaa mbele yako nikutazame ukinywa.

Mama yako, akupendaye hata kwa hasira hii,
Etelka