Silaha za Mabinti Watatu wa Meli

Jumatatu, 4 Agosti 2014

Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, imeungua tena. Mwanangu Gloire anaota meno, hakulala, na mimi sikulala. Mdogo wangu Espérance alikuwa palepale jikoni, lakini macho yote kwenye karatasi. Nilimkemea. Kisha nikachungulia, hasira ikaisha.

Anachora hadithi ya mabinti watatu. Kila binti ni meli. Zile meli pana za vita ya zamani, zilizobeba ndege za kivita mgongoni. Alizikuta katika gazeti la Kifaransa lililosokomezwa ndani ya viatu vya mitumba. Moja ilikuwa nzee kuliko zote. Moja ilikuwa ya mizigo ya biashara, wakaikata juu, wakaifanya ya vita. Moja ilipigwa vibaya, ikazibwazibwa haraka, ikarudi kupigana. Na mabinti wana sura kweli. Yule wa biashara ana mashavu ya mwanamke anayejua bei. Sijui akili hii aliitoa wapi. Mimi hata kuku ananishinda kuchora.

Jumatano, 6 Agosti

Leo tumefika mjini Mbarara. Vumbi, jua, mtoto analia. Kuna madamu mwenye duka la kuchapa kadi za harusi na kalenda. Anatafuta mchoraji wa kujifunza kazi kwake. Fasi, yaani nafasi, ni moja tu. Espérance anaitaka mpaka hali chakula.

Madamu alitazama michoro mara mbili, akanigeukia mimi. "Nyabo, sura iko muzuri. Lakini silaha? Wote iko na bunduki moja. Hii ni askari ya geti!"

Akasema Espérance arudi Jumamosi na silaha inayomfaa kila mmoja. Asipoiweza, fasi atapewa mwingine.

Nilimchukia yule mama mpaka tulipofika Isingiro. Kambi yetu ya wakimbizi, Nakivale, ilipokaribia nikaona ana haki.

Alhamisi, 7 Agosti

Amechora Kalashi ndefu, Kalashi fupi, Kalashi mbili kwa pamoja. Nimekataa. Katika nyumba yangu bunduki haichorwi. Tulizikimbia kule Kivu, haziingii hapa kwa penseli.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "vita bila bunduki ni maombi."

Nikamwambia basi aombe.

Amenuna. Roho iliniuma, lakini sikurudi nyuma. Baadaye nikamuuliza meli hizo zilipigana kwa kitu gani hasa. Kwa ndege, akasema. Zinatoka, zinakwenda mbali, zinarudi kutua. Basi, nikasema, silaha ya kila binti ni kile anachobeba. Akageukia ukuta.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nimekuta mabinti wawili wamekwisha kuchorwa. Mungu wangu, mtoto huyu!

Yule binti mzee ana fimbo ya ng'ombe kama ya baba yetu, na nyange, wale ndege weupe wanaofuata mifugo. Akiinua fimbo wanaruka. Akiishusha wanarudi mabegani. Yule wa biashara ana lungo lake la kupepetea, bapa kama mgongo wa meli, limejaa pilipili ya unga. Anapepeta, adui wanalia. Nimecheka mpaka Gloire ameamka.

Wa tatu, yule aliyezibwazibwa, mikono mitupu. Espérance amefuta mpaka karatasi imetoboka. Na kesho ndiyo siku.

Jioni tulikwenda bombani. Mbwa wa jirani akatujia, meno nje. Mtoto mgongoni. Sikufikiri. Nilifungua kikwembe, kitenge changu cha zamani cha kiunoni, nikaokota jiwe, nikalifunga kwenye pembe yake, nikazungusha. Mama alifanya hivyo njiani tulipokuwa tunakimbia. Mbwa alipigwa puani, akaenda analia. Bidoni yetu ya maji imemwagika yote.

Espérance hakunisaidia. Amesimama tu, ananikodolea macho.

"Yaya, rudia."

"Nirudie nini? Maji yamekwisha!"

"Simama vile. Zungusha."

Nilitaka kumpiga yeye sasa. Kisha nikakitazama kikwembe mkononi. Viraka vitupu, kama yule binti wa tatu. Nikaelewa. Nikasimama. Watu wa foleni walicheka sana, nikawaacha. Gloire naye alicheka mgongoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Madamu alifunua karatasi polepole. Kwa lile lungo alicheka kwa sauti. Kwa wa tatu aliileta karatasi karibu na macho. Binti amebeba mtoto, mwili una viraka, kikwembe kinazunguka juu ya kichwa na jiwe ndani.

"Sasa ndiyo. Kila mutu iko na yake." Akauliza nani alimfundisha hii. Espérance akanionyesha kwa midomo.

Amepata. Anaanza Jumatatu. Atalala kwa watu wa kanisa letu hukohuko mjini. Nimejivuna njia nzima, sikuficha.

Jumatatu, 11 Agosti

Amekwenda na gari la asubuhi. Nyumba imenyamaza. Sombe haikuungua.

Nimefua kile kikwembe. Fundo lilikuwa bado limekaza, nimelifungua kwa meno. Jiwe nimeliweka karibu na mlango.

Gloire amelala mgongoni. Sijamshusha.

Jumamosi Espérance anarudi.