Jibu Langu Lililokatwa Jumapili

Uvira, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nina ombi. Anayekusomea barua hii awe Mwalimu Simeoni wa kanisani, na Kaka Edmondi asiwe karibu. Akitokea, mwalimu aikunje kwanza. Sababu utaisikia humu humu.

Sasa nikusalimu. Hujambo, Mama? Goti bado linakusumbua asubuhi? Sisi huku ni wazima, watoto wanasoma, na mkwe wako Bahati anakusalimia. Mama Eliza anayekuletea barua nimempa pia mchele kidogo wa Luberizi, mpya, upike ungali unanukia.

Unakumbuka tulivyofunga mtandao nyumbani, antene juu ya paa na modem sebuleni, ili nisikose tena vikao vya familia. Mtandao wenyewe umekuwa kama mgonjwa wa homa, leo nafuu, kesho hoi. Nikipiga namba ya kampuni, jibu ni lile lile: zima modem, ngoja, washa. Nimezima na kuwasha hadi kitufe kimefutika rangi. Nilipokwenda ofisini kwao mara ya pili kumuulizia fundi, binti wa mapokezi hakuinua hata macho.

"Technicien iko mu njia, Mama."

"Iko mu njia tangu juma lililopita. Anatoka Kinshasa kwa miguu?"

"Weye rudi ku nyumba, utamuona."

Unanijua, Mama, siwezi kungoja bila kumshuku mtu. Nilianza na jirani yetu Mama Josée, mshonaji. Kila alasiri alikaa kando ya ukuta wetu na simu mkononi, nikasema huyu ndiye anayetunyonya mtandao. Nikabadilisha neno la siri, na salamu nikamnyima.

Ndipo ikafika Jumapili ya kikao, cha kuamua kama shamba la michikichi alimozikwa Baba liuzwe. Nilijifungia chumbani na simu yangu, nao huko wakaweka ya Kaka mezani. Nilimwona Baba mdogo vizuri kabisa, nikamsikia akiniuliza mara ya kwanza, "Riziki, unakubali?" Nilipofungua mdomo, picha ikazima. Nilipiga tena mara sita. Simu iliita, hakuna aliyeshika. Jioni Kaka akaniandikia: "Usijali, dada. Mtandao wenu wa Uvira tunaujua. Baba mdogo aliuliza mara tatu, ukanyamaza, tumekuhesabu umekubali."

Najua ndiyo desturi ya ukoo wetu, anayenyamaza mara ya tatu amekubali. Lakini walioiweka walikuwa wanaulizana uso kwa uso. Nililia kwa hasira, na hasira yote nikaielekeza kwa kampuni.

Jana technicien, fundi wao, alifika kwa pikipiki, siku ya kumi na moja tangu niende ofisini mara ya kwanza. Alipanda juu ya paa, akakuta waya umeoza, akaubadilisha. Nilimshukia na habari za Jumapili kabla hajafuta mikono. Akafungua simu yake, akatazama kumbukumbu za modem.

"Mama, siku zingine ilikatika, hiyo iko kweli. Lakini dimanshi ile ya kikao connexion yenu iliikala muzima, asubuyi mpaka mangaribi."

Nikajua anatetea mkate wake. Nikamwita Bahati awe shahidi, kwa kuwa saa ile ya kikao alikuwa sebuleni akitazama mpira kwa mtandao huo huo. Bahati akajikuna kichwa.

"Minye niliona match yote mpaka mwisho. Haikusimama hata."

Mama, mpira ukimkatikia Bahati dakika moja, mtaa mzima unapata habari. Jumapili ile sikumsikia akilalamika hata mara moja. Nilikaa chini pale pale.

Baadaye nilikwenda kwa Mama Josée kuomba radhi. Kumbe alikuwa anafuata kivuli cha ukuta, basi. Amenisamehe, ila ameniambia ulimi wangu unakimbia kuliko macho yangu.

Kwa hiyo sasa ninaogopa kumshuku mtu, na bado ninashuku. Mkono wa Kaka sikuuona. Lakini simu iliyokuwa mezani ni yake, na iliita mara sita. Inaniuma, maana ndiye aliyenivusha mto mgongoni nilipokuwa nakwenda shule. Simu ya hapo nyumbani ni hiyo hiyo moja, ndiyo sababu nimeandika kwenye karatasi. Nakuomba, Mama, usitie kidole gumba kwenye hati yoyote atakayokuletea.

Nisalimie wifi yangu, mke wa Kaka, anayekuchemshia maji ya goti. Yeye simhesabu katika haya. Nisalimie shangazi muuza mihogo. Baba mdogo, mwenye kikao, mpe heshima zangu zote, kisha umwombe awaite watu wote na aniulize upya. Kila atakapouliza, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, Mwalimu Simeoni asome kwa sauti mstari ulio chini ya jina langu, hata kama Kaka atasimama kumkatiza.

Ni mimi mtoto wako,
Riziki

Sikubali kuuza mahali alipolala Baba.