Hadithi Yangu Iliyowahamisha Watu wa Buterere

Bwiza, Bujumbura
Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu bado inakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia, na ni wewe tu ninayeweza kukuambia.

Unajua nikitoka kwenye kazi yangu ya uhandisi natafsiri na kutunga hadithi za kisayansi, zile unazoziita ndoto za mchana. Mwezi uliopita nilitunga moja: ziwa linapanda, linaimeza Buterere, ule mtaa wa bondeni. Jirani yangu, Mama Josiane, akaisoma kwa sauti, akajirekodi kwenye simu, akawatumia ndugu zake wanaoishi huko. Ikasambaa bila kusema ni hadithi. Watu wakasikia tu "injeniyeri amesema". Familia zote zikabeba magodoro, zikapanda mlimani Gihosha.

Mkuu wangu akaniita. "Andika kwamba tuta la kuzuia maji huko Buterere ni zima. Tia sahihi, warudi makwao."

Nikaomba nikalitazame kwanza. Mama, nilikuta ufa. Mkono wangu ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Nikaupiga picha pale pale matopeni. Hadithi niliitoa kichwani tu, wallahi, sikuwa nimepima kitu.

Nilirudi nikamwambia siwezi kusaini. Akaninyang'anya kitambulisho cha kazi. "Nenda nyumbani. Usiongee na mtu."

Jumapili mvua ikanyesha tangu asubuhi. Saa nane mchana tuta likakatika. Nyumba zimekwenda na maji. Watu, alhamdulillahi, hakuna hata mmoja aliyekufa, maana walikuwa bado mlimani. Mama Josiane alinikumbatia akilia. "Mi nilijua we si mutu wa kusema bure."

Nikamwambia sikujua lolote.

"Apana. Ulijua."

Hilo ndilo linalonitisha. Jana imeletwa karatasi ya wito kutoka polisi: niende kesho nieleze nilijuaje, na kama kuna mtu aliyelikata tuta ili hadithi yangu itimie. Nikisema nilibuni, nani ataniamini?

Nitakwenda. Picha za ufa nimezituma kwenye simu ya kaka Idi. Mwambie asizifute, hata nikimpigia mwenyewe nikamwomba azifute.

Nisalimie shangazi mshonaji, na mjomba anayeadhini msikitini, aniombee. Bibi msimwambie kitu.

Mwanao anayeogopa lakini hajasaini,
Rehema