Mkono wa Baba

Iguhu, 9 Juni

Kaka yangu Jairus,

Mulembe huko Doha. Hapa mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata leso, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mama anauliza kama unakula vizuri.

Unakumbuka watu walivyoanza kuogopa kumsalimia baba? Akikushika mkono, vidole vilikataa kufunguka, mpaka avibandue kimoja kimoja kwa mkono wa pili. Kwenye matanga ya mzee Shikanga alimshika mjane hivyo, na watu wakanong'ona kwamba marehemu ndiye anayemshikilia mkewe. Tangu siku hiyo wanampungia tu kwa mbali. Hata sisi.

Jumanne nilimpeleka hospitali, kwa sababu shingo imekonda na panga la kukatia miwa sasa linamshinda kuinua. Daktari alimpa mkono, akauacha ushikwe, akangoja. Hakushtuka. Alisema ni ugonjwa wa misuli: inakaza, inachelewa kulegea, kisha inaisha polepole. Uko kwenye damu. Mtoto anaweza kuurithi, na mara nyingi kwake huanza mapema kuliko kwa mzazi.

Hilo la mwisho sikumwambia mama.

Kaka, siku ile unaondoka, pale steji, ulinishika mkono mpaka dereva akapiga honi mara tatu. Miaka miwili nimejivunia mshiko ule. Sasa niambie ukweli: ulikuwa hutaki kuniachia, au vidole vilikataa?

Mimi dadako,
Musimbi